Koti la Hita

Sponji aliliweka jagi mezani katikati ya sahani, maji yakayumba na kumwagikia kitambaa. Lilikuwa jagi la lita mbili, limejaa hadi juu. Alikuwa amelitega chini ya hita ya bafuni tangu asubuhi, akaenda zake karakana kushona makochi, na sasa jioni alilileta mbele ya familia kama polisi anayeleta kidhibiti mahakamani. Binti yake wa darasa la sita akaacha kutafuna.

"Haya ni maji ya moto," alisema. "Nimeyanunulia umeme, yamechemka, halafu yameshuka tone moja moja yakaenda kwenye tundu la bafu. Nani anaacha bomba bila kulifunga?"

Hakuwa anauliza. Katika nyumba ile kila swali la maji ya moto lilikuwa na jibu lake tayari, na jibu lenyewe lilikuwa mke wake. Majirani walimwita Dobi kwa sababu alipiga pasi mashuka ya hoteli, kama walivyomwita mumewe Sponji kwa sababu ya makochi, na majina yao halisi yalibaki kwenye vyeti. Dobi alisema mabomba yote yamefungwa. Tone lile, alisema, linatoka kwenye kidomo cha shaba kilicho chini ya hita yenyewe, na limekuwa likitoka tangu hita ilipofungwa. Sponji akamwambia kwamba kama amelijua siku zote hizo na kunyamaza, basi hasara yote ni ya kwake.

Bi Mkubwa, mama yake Sponji, alikuwa akitoa miiba kwenye samaki. Alisema kwa sauti ya upole, ile sauti aliyoitunza kwa ajili ya kuchomea, kwamba kuna watu wamezoea maji ya hoteli, yanayolipiwa na wageni, kwa hiyo si ajabu wakasahau kwamba ya nyumbani yana mwenyewe. Dobi alimeza tonge lake, akamega jingine.

Utaratibu wa maji ya moto ulikuwa umeandikwa na Sponji na kubandikwa mlangoni mwa bafu kwa gundi ya makochi, ili asitokee wa kuubandua. Hita iliwashwa saa moja kwa siku. Binti alioga maji baridi kwa kuwa damu yake bado changa. Bi Mkubwa alipata ndoo mbili kwa ajili ya nyonga zake. Sponji alioga alivyotaka. Dobi alikuwa wa mwisho, na aliogea kilichobaki huku mumewe akigonga mlango kumuuliza kama anaoga au anafua. Mshikio wa bomba la moto la jikoni Sponji alikuwa ameung'oa, akawa anatembea nao mfukoni pamoja na funguo zake.

Ikafika mahali Dobi akawa anaoga kazini, kwenye bafu la wafanyakazi, kabla ya kuondoka. Aliona amepata njia ya kukwepa maneno. Lakini badala ya kufurahia umeme uliookolewa, Sponji akaanza kumnusa. Alimuuliza mbele ya mama yake sabuni ile ni ya nani, na mwanamke mwenye bafu nyumbani kwake anavulia nguo wapi. Bi Mkubwa aliangalia dirishani kama mtu ambaye hayamhusu. Kuanzia siku hiyo Dobi alirudi nyumbani na jasho lake lote, akasubiri zamu yake ya mwisho, na aliona uchungu kila alipoingia bafuni.

*

Sasa mtu apewe haki yake. Wazo la koti lilikuwa la Sponji mwenyewe, na lilikuwa wazo zuri. Aliegemea hita siku moja akafunga kiatu, akahisi joto mgongoni, na akili yake ya ufundi ikazinduka. Kama ubavu wa hita una joto, basi joto hilo linatoka ndani, na likitoka ndani linakwenda kupasha ukuta na hewa, na kuta wala hewa hazichangii umeme. Hita ilikuwa uchi. Yeye kazi yake ni kuvisha.

Jumapili iliyofuata, Dobi akiwa zamu hotelini, Sponji alishinda bafuni na futi yake, sponji ya unene wa inchi mbili, leza, ile ngozi bandia ya makochi, ya rangi ya kahawia, gundi na ile sindano iliyopinda ya kushonea pembe za makochi. Dobi aliporudi jioni alikuta hita imekuwa samani. Ilikuwa imevikwa kuanzia juu hadi chini, ikazungushiwa mshono mara mbili na kupigwa vifungo kwa mistari, ikaning'inia ukutani imenenepa na kung'aa. Zaidi ya taa na kitufe cha joto, hukuona bati, hukuona waya, hukuona shaba. Fundi wa makochi hulipwa kuficha misumari na mbao mbovu, na Sponji alikuwa ameficha kila kitu.

Alimshika mkono mkewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda, akakibandika kiganja chake kwenye leza. "Unasikia joto?" Dobi alisema hasikii. "Ndiyo maana yake. Limebaki ndani lote. Nitakuwa naipandisha joto hadi mwisho asubuhi, nazima, na jioni mama anaoga maji yaleyale."

Dobi alitazama chini. Sakafu chini ya hita ilikuwa kavu, kwa mara ya kwanza tangu wahamie. Aliuliza tone limekwenda wapi. Sponji alisema hita ikishapata joto la kutosha haina haja ya kutoa machozi, akacheka peke yake. Dobi akamgeukia Bi Mkubwa, aliyekuwa ameshinda nyumbani siku nzima, akamuuliza fundi amefanya nini pale chini.

"Mimi nayajua mambo ya mabomba?" Bi Mkubwa alijibu. "Mume amekufanyia kitu cha maana, wewe unatafuta tone. Ndivyo ulivyo."

Na koti lilifanya kazi, hilo lazima lisemwe. Uniti za umeme zilizokuwa zikiisha siku ya kumi zilifika siku ya kumi na sita. Maji yaliyochemshwa asubuhi yalitoa mvuke jioni. Sponji alivimba kichwa. Aliwaleta majirani wawili wawili kuja kuipapasa hita, akawaeleza kwa mikono yote miwili. Dobi alisimama jikoni na kuwasikia wakimsifu, na hakuweza kuacha kuifikiria ile sakafu kavu.

*

Hotelini, nyuma ya chumba cha kufulia, kulikuwa na boila kubwa na mtu wake wa kuiangalia. Alikuwa kijeba mwenye hasira za karibu, asiyependa kusalimiwa. Mtu huyu alikuwa na desturi moja tu ambayo kila aliyeajiriwa chumba cha kufulia aliifahamu. Kila alipoingia zamu, kabla hajavua koti, alikwenda kwenye valvu ya boila, akaivuta kidogo itoe maji, akaiachia. Asipoona maji hakuruhusu mtu kuwasha hata pasi.

Dobi alimfuata wakati wa chai, akamweleza kuhusu hita ya nyumbani, tone lililokoma, na koti. Mtu wa boila alimsikiliza akiwa amekunja uso.

"Maji yakipata moto yanaongezeka," alisema. "Yanatafuta pa kutokea. Pa kutokea ndipo hapo. Kidomo hicho kikikauka, ama kimekufa, ama kuna mwendawazimu amekiziba."

Dobi akauliza itakuwaje kama kimezibwa. Alimjibu kwamba kwa kawaida haitakuwa kitu, siku moja, siku kumi, kwa sababu kuna kifaa kingine ndani kinachokata umeme joto likizidi. Ila kifaa hicho nacho hufa, hasa kikipandishwa hadi mwisho kila siku na kufungiwa ndani ya joto. Siku kitakapokufa, kile kilichopo ukutani si hita tena. Kitapasuka na ukuta wake na aliye bafuni. Kisha akamuuliza ni nani anayeoga zaidi nyumbani, na Dobi akasema ni mama mkwe.

"Mnapatana?"

"Hatupatani."

"Basi hata hivyo mwambie," alisema, akarudi kwenye boila yake.

Dobi alimwambia mumewe jioni ileile, kwa adabu, akichagua maneno. Alisema tu kwamba, kwa ushauri wa mtu wa boila kazini, labda waite fundi bomba aangalie. Sponji aliweka chini kikombe. Alimuuliza tangu lini mpiga pasi za watu akawa injinia. Alimuuliza huyo mwanamume wa boila ni nani hasa, anayezungumza na mke wa mtu kuhusu bafu la mtu. Halafu akauliza swali alilolirudia mara tatu, kila mara kwa sauti ya juu zaidi: nani amemwambia kwamba kitu kimezibwa? Ameona kwa macho yake? Dobi akakiri hajaona, kwa kuwa koti limeshonwa na halifunguki.

"Na halitafunguliwa," Sponji alisema. "Ukiligusa hilo koti kwa ncha ya kucha, utakwenda kulala hotelini kwako."

Dobi akajaribu kwa Bi Mkubwa. Alimkuta chumbani akijipaka dawa magotini, akamwomba, kwa siku chache tu, akubali achemshiwe maji ya kuoga jikoni kwenye sufuria. Yeye mwenyewe atayabeba. Akamweleza yote aliyosema mtu wa boila, na neno la kupasuka akalisema waziwazi. Bi Mkubwa aliendelea kupaka dawa mpaka akamaliza goti la pili.

"Miaka yote unaninyima maji kwa jicho," alisema. "Leo mwanangu kanipa maji ya moto ya kutosha, unataka nirudi kwenye sufuria, ili uje useme koti lake halifai. Sitaki."

Jioni ile Bi Mkubwa alioga muda mrefu kuliko kawaida. Dobi alikaa jikoni, mita mbili kutoka mlango wa bafu, akahesabu kila sauti ya kata na ndoo. Alikuwa amemchukia mwanamke yule kwa miaka tisa, na sasa alikuwa anamlinda kwa masikio. Alijiona mjinga. Hakuondoka hata hivyo, na kila jioni baada ya hapo alikaa palepale.

*

Siku ya ishirini na moja ya koti ilikuwa Jumamosi. Sponji alikuwa amepata mteja. Huyu hakuwa jirani wa kuja kupapasa na kuondoka. Alikuwa bwana mwenye jengo la kupangisha, nyumba kumi na mbili, kila nyumba na hita yake, na umeme ulikuwa juu yake mwenyewe. Mtaani walimwita Bwana Majengo ingawa jengo lilikuwa moja. Alikuwa anakuja saa tisa kuliona koti. Makoti kumi na mawili yalikuwa kazi ya miezi miwili, na karakana ilikuwa haijapata kochi jipya tangu shule zifungue.

Dobi alitoka kazini saa nane mchana. Aliwakuta tayari wamejazana kwenye ujia mbele ya bafu. Bwana Majengo alikuwa ameshika simu yake mkononi kama mtu anayetarajia kuitwa kwingine. Sponji alikuwa amevaa shati la kutokea. Bi Mkubwa alikaa kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango, taulo begani, akisubiri mgeni aondoke aingie kuoga. Hita ilikuwa imewashwa tangu alfajiri, joto hadi mwisho, ili mgeni ajionee.

Kabla hajaweka mkoba chini, Dobi alisikia mngurumo. Ulikuwa mdogo, wa ndani kwa ndani, kama sufuria yenye mfuniko mzito inapotaka kuchemka. Aliujua, kwa kuwa alikuwa amefanya kazi miaka sita ukuta mmoja na boila. Taa nyekundu ya hita, ambayo hujizima maji yakishapata moto, ilikuwa bado inawaka.

"Papasa hapa," Sponji alikuwa akisema. "Baridi, sivyo? Sasa tazama ndani." Akafungua bomba la moto. Bomba likakohoa. Likatema mvuke, likatema maji, likatema mvuke tena na kurukaruka mkononi mwake. Bwana Majengo akarudi nyuma akicheka, akasema hayo ni maji ya kunyonyolea kuku. Sponji akalifunga haraka, uso umemng'aa kwa furaha. Hakuelewa alichokiona. Mkewe ndiye aliyeelewa, akautua mkoba.

Bwana Majengo akauliza swali moja la maana. Hita zake zote kumi na mbili zinadondosha maji kule chini, mchana kutwa. Je, koti linasaidia na hilo?

"Hilo ndilo la kwanza ninalolimaliza," Sponji alisema. "Nikishavisha, hutaona tone. Kwako zote kumi na mbili nitazimaliza."

Bi Mkubwa akashika ukuta, akajiinua kitini. "Kama mmemaliza, niacheni nioge, miguu inanikaza," alisema, akapiga hatua kuingia bafuni.

Dobi alimvuta taulo kutoka nyuma. Hakumwomba radhi. Alizima swichi kuu ya umeme iliyokuwa ukutani pale ujiani, akafungua sanduku la vifaa la mumewe, akatoa mkasi mkubwa wa kukatia leza na koleo. Sponji alimwita mara moja, kwa sauti ya chini kwa sababu ya mgeni. Alipogundua anakoelekea akamshika bega. Dobi alimgeukia na mkasi mkononi, na kitu alichokiona usoni mwake kilimfanya Sponji amwachie.

Aliwaambia wote watoke hadi mlango wa nje. Bwana Majengo hakungoja kuambiwa mara mbili. Dobi akaingiza mkasi chini ya koti, akakata kwenda juu. Leza ilitoa sauti mbaya, vifungo viwili vikaruka, sponji ikafunguka na gundi yake ikanuka kama inaungua. Kidomo cha shaba kilikuwa pale, na ndani yake, kimegongwa vizuri na kusawazishwa kwa msasa, kilikaa kigingi cha mbao ngumu ya mguu wa kochi. Akakibana kwa koleo, akasimama pembeni kadiri mkono ulivyoweza kufika, akavuta.

Kigingi kilitoka kwa kishindo na kugonga ukuta wa pili. Mvuke ulijaza bafu lote. Maji yaliyochemka yalitoka kwa nguvu, yakapiga sakafu na kuruka, na mengine yakampitia mkono kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko. Alipiga kelele mara moja. Hita iliendelea kutapika kwa muda mrefu, inanguruma, kisha inakoroma, kisha ikatulia na kuanza kudondosha kama zamani.

*

Walirudi ndani mmoja mmoja. Bwana Majengo aliokota kigingi, akakigeuzageuza, akauliza ni kitu gani hiki. Dobi alikuwa ameinamia ndoo ya maji baridi, mkono wote ndani. Alimweleza kwa maneno machache kile alichoambiwa na mtu wa boila. Bwana Majengo akamtazama fundi.

Sponji alikuwa anaangalia koti lake. Lilining'inia limepasuliwa tumbo, sponji nje. Labda kama mgeni asingekuwepo angesema ukweli. Labda. Lakini makoti kumi na mawili yalikuwa yanamtoka mkononi akiyaona.

"Mimi sijui chochote kuhusu kigingi," alisema. "Mimi nilivisha tu. Huyu ndiye alikuwa analalamika kila siku kukausha sakafu. Atakuwa amekiziba yeye ili asipige deki, sasa ameogopa anataka kunipaka matope."

Dobi aliinua kichwa kutoka kwenye ndoo. Kigingi kilikuwa kimegongwa ndani ya koti lililoshonwa, na mtoto wa darasa la kwanza angelijua hilo. Bwana Majengo alilijua pia. Lakini ilikuwa ni ugomvi wa mke na mume, na alikuwa anataka kuondoka. Alimgeukia mtu mzima pekee aliyebaki.

"Mama, wewe unashinda hapa. Nani alikiweka?"

Bi Mkubwa alikuwa ameshaketi tena kwenye kiti chake, taulo begani. "Mimi na miguu hii," alisema, "hata ndoo siwezi kuinua. Ya huko chini ya hita nitayajulia wapi?"

Bwana Majengo alikiweka kigingi juu ya sinki, akasema atapiga simu, akaondoka. Sponji alimsindikiza hadi barabarani akiongea njia nzima. Binti alitoka chumbani, akamsaidia mama yake kufunga mkono kwa kitambaa safi.

Wiki iliyofuata Dobi aliona mengi. Mkono ulijaa malengelenge, akashindwa kushika pasi, msimamizi akamhamishia kwenye kuhesabu taulo chafu, kazi ya waajiriwa wapya. Mtaani habari ilikuwa imeshatangulia. Mke wa fundi aliziba hita ili mama mkwe afe bafuni, ila Mungu si mjinga, yeye ndiye aliyeungua. Mwanamke mmoja alimuuliza dukani, mbele ya watu, kama mkono unapona, kisha akawageukia wenzake na kubinua mdomo. Nyumbani Sponji alizungumza naye kupitia kwa mtoto. Mwambie mama yako chumvi imezidi. Mwambie mama yako soksi zangu ziko wapi. Koti alilitoa lote, akalirudisha karakana, na karatasi ya utaratibu mlangoni akaiongezea mstari mmoja: Dobi asiguse swichi.

Kilichomuumiza zaidi hakikuwa mkono wala mtaa. Ni kwamba hakujua kama kuna mtu mmoja humo ndani, mbali na Sponji, anayeujua ukweli. Usiku mmoja alijikuta anajiuliza kama kweli hakukiziba yeye. Alikasirika sana kwa wazo hilo.

*

Bwana Majengo alipiga simu Jumapili mchana. Alikuwa amekaa na hesabu zake za umeme, na hesabu ziliishinda hasira yake. Makoti anayataka, yote kumi na mawili. Ila yawe na tundu kwa ajili ya kidomo, na kila moja likishavishwa, yule mama mwenye mkono ulioungua aje alikague kabla mpangaji hajawasha. Asipokuja yeye, hakuna kazi. Sponji alizungumza kwa sauti kubwa na ya furaha, ndiyo mkuu, bila shaka mkuu, akakata simu.

Kisha akamtuma binti. "Baba anasema kesho saa mbili uvae vizuri, mnatoka."

"Mwambie baba yako ana mdomo," Dobi alisema. Alikuwa sebuleni anakunja nguo kwa mkono mmoja. Bi Mkubwa alikuwa upande wa pili, anakata vidonge vyake vya presha kwa kisu.

Sponji akaja akasimama mlangoni. Aliangalia nguo zilizokunjwa. "Kesho nakuhitaji kwa Bwana Majengo," alisema. "Navisha hita ya kwanza, anataka ukague."

"Niko zamu."

"Omba ruhusa. Kazi yenyewe ni miezi miwili. Unataka mtoto asome au hutaki?"

"Nitaomba," Dobi alisema. Aliweka chini shati alilokuwa anakunja. "Kwanza mwambie mama yako nani alikiziba. Hapa, nisikie. Ya mtaani nimekusamehe."

Sponji alitazama dari, akatazama mlango, akacheka kidogo akidhani utakuwa mzaha. Dobi hakucheka. Nje watoto walikuwa wanacheza, na mpira uligonga ukuta mara kadhaa. Sponji alijikuna shingo mpaka ikawa nyekundu.

"Mama," alisema hatimaye. "Kile kigingi nilikitia mimi."

Bi Mkubwa hakuinua macho kutoka kwenye kidonge.

"Kwani si mimi niliyekushikia tochi?" alisema.

Hapakuwa na hasira wala aibu katika sauti yake. Alikata kidonge vipande viwili, kimoja akakirudisha kwenye chupa. Dobi alimtazama, akawa anapanga upya kila kitu kichwani: ile Jumapili, yale magoti na dawa, kile kiti cha plastiki na taulo. Hakuuliza kuhusu uongo. Uongo aliuelewa.

"Nilikwambia itapasuka. Nilikuja chumbani kwako nikakwambia. Ulijua imezibwa, na kila jioni uliingia kuoga."

"Niliingia."

"Kwa nini?"

Bi Mkubwa alimeza kipande chake kwa maji ya baridi, akaifuta midomo kwa pembe ya khanga. "Nisingeingia, ungesema umeshinda."

Dobi alichukua shati, akalikunja, akaliweka juu ya mengine, akayasawazisha yakae sawa. Kisha akamwambia mumewe kwamba kesho saa mbili atakuwa tayari. Atazikagua zote, moja moja, kwa mkono wake. Katika zile nyumba kumi na mbili hapakuwa na hata mtu mmoja aliyewahi kumkosea.